Uta na Bunduki: Jawabu kwa Ndugu Zetu wa Garsen

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba kila kitambaacho juu ya ardhi na akaidhamini riziki yake. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake. Ama baad.

Imetufikia katika darsa yetu barua ya ndugu zetu walioko Garsen, kando ya Mto Tana. Wasema kwamba barazani, baada ya sala ya Isha, palitokea ubishi baina ya wazee na vijana. Mzee mmoja alihadithia habari za siku za leseni, kabla ya mwaka 1977. Mtu wa uta alimpiga kuro kwa mshale akaifuata damu yake usiku kucha. Kulipokucha mgeni mwenye bunduki na leseni akamwona kuro yule yule anachechemea, akampiga risasi, akachukua pembe na kichwa, na mwenye mshale akatokea akakamatwa kwa kosa la kuwinda. Vijana wakauliza: mnyama yule alikuwa wa nani? Wengine wakauliza: ile ilikuwa haki? Na mmoja akasema kwamba ikiwa ile ilikuwa dhulma, basi hata leo hana haja ya kuitii sheria ya wanyama, maana sheria hiyo ni mtoto wa ile.

Ndugu zetu wametutaka tujibu, na masuala haya matatu yanastahili jawabu. Tutayajibu moja baada ya moja, kwa kadiri Mungu alivyotujaalia kuelewa.

Suala la kwanza ni la fikihi, na vitabu vyetu havikulinyamazia. Uwindaji ni halali kwa asli yake, kwa Kitabu na kwa Sunna. Masahaba wawili, Adiy bin Hatim na Abu Thaalaba Al-Khushani, walimwendea Mtume, rehema na amani zimshukie, wakamwuliza khasa juu ya mawindo, na majawabu aliyowapa ndiyo msingi wa mlango huu. Aliwafundisha kwamba mtu akitaja jina la Mwenyezi Mungu akarusha mshale wake, na mshale ukamchoma mnyama kwa ncha yake, basi na ale. Lakini ukimpiga kwa ubavu wake akafa kwa kishindo, huyo ni kama aliyekufa kwa kupigwa gongo, haliwi. Akimkuta mnyama amezama majini, na asile, kwa kuwa hajui ni mshale uliomwua au ni maji. Na akikuta katika mwili wake athari ya silaha isiyokuwa yake, vile vile asile, mpaka ajue.

Mtazame, ndugu zetu, jinsi mafunzo haya yanavyowahusu nyinyi mlioko ukingoni mwa Tana. Ni mara ngapi swala aliyejeruhiwa hukimbilia mtoni akafa humo? Na ni mara ngapi jeraha mbili hukutwa katika ngozi moja? Yule kuro wa hadithi ya mzee alikuwa na jeraha mbili, moja ya mshale na moja ya risasi.

Mafakihi wetu wa madhehebu ya Imam Shafi, na katika hao Imam Nawawi katika Minhaj, ambayo husomwa katika darsa za pwani yetu hii tangu zama za babu zetu, wamelipambanua jambo hili kwa uangalifu mkubwa. Ikiwa wa kwanza amempiga mnyama akamlemaza, hata hawezi tena kukimbia wala kujihami, basi mnyama huyo amekwisha kuwa mali yake, kama ng'ombe aliye zizini. Akija wa pili akampiga, hutazamwa. Akiwa amemkata koo na umio, nyama ni halali, na wa pili atamlipa wa kwanza kile alichokipunguza katika thamani yake. Akiwa amemwua kwa jeraha tu pasina kumchinja, nyama ni haramu, kwa kuwa mnyama aliyekwisha kudhibitiwa hahalaliki ila kwa kuchinjwa, na wa pili ni juu yake kulipa thamani. Ama ikiwa pigo la kwanza halikumlemaza, mnyama bado yumo katika hali yake ya porini, na atakayemlemaza ndiye mwenyewe, wala wa kwanza hana dai. Na wakimpiga kwa pamoja wakamwua, ni wao wote wawili.

Basi kuro wa Garsen ni wa nani? Ikiwa alikuwa anachechemea tu na bado aweza kukimbia, ni wa mwenye bunduki. Ikiwa mshale ulikwisha kumwangusha, ni wa mwenye uta, na mwenye bunduki ni mdeni. Hilo ndilo jawabu. Nasi twawaomba mwangalie jambo moja: katika hukumu zote hizi hakuna fakihi aliyeuliza nani kati yao ni tajiri, wala nani ana karatasi, wala silaha ya nani ni ya kisasa. Wameuliza jambo moja tu, nalo ni pigo gani lililomdhibiti mnyama.

Tena liko jambo ambalo vijana wengi hawalijui. Katika vitabu vyetu silaha isiyo na shaka ni mshale, kwa sababu imetajwa na Mtume mwenyewe. Bunduki ndiyo iliyoletewa maneno. Ilipozuka, wanavyuoni walikhitalifiana. Wako waliosema kwamba risasi huua kwa nguvu na moto, wala haikati kama chuma chenye makali, na huu ndio mwelekeo wa wengi wa mafakihi wa Kishafi wa nyuma: kilichouawa kwa risasi hakiliwi mpaka kidirikwe kikiwa hai kikachinjwa. Na wako wengine, kama Imam Shawkani wa Yemen, aliyefariki mwaka 1834, waliosema kwamba risasi hupenya na kutoboa, basi hukumu yake ni hukumu ya mshale. Kila kauli ina wenyewe, na mwenye kuchukua hadhari huchinja.

Lakini hatuwezi kuupamba uta kupita kiasi. Wawindaji wa nyika yetu, khasa Wawata, ambao watu wa pwani wamezoea kuwaita Wasanye na wengine Waliangulu, hawakuwa wakipiga kwa chuma kitupu. Uta wao mkubwa, ambao wahitaji nguvu ya ratili mia moja na zaidi kuuvuta, ulirusha mshale uliopakwa sumu iliyopikwa kutokana na mti wa msunguti. Sumu ile humwua hata ndovu. Na mafakihi wetu wamesema kwamba mnyama aliyeuawa kwa mshale wenye sumu, ikiwa sumu imesaidia kumwua, haliwi, ila akidirikwe na uhai akachinjwa. Kwa hiyo Muislamu mwenye uta wa sumu naye ana hesabu yake, kama mwenye bunduki alivyo na yake.

Sasa twaja kwenye suala la pili, nalo ni zito kuliko la kwanza: sheria ile ya leseni ilikuwa haki?

Habari zake ni hizi. Waingereza walipoishika nchi hii walitia sheria za wanyama tangu miaka ya mwisho ya karne ya kumi na tisa. Mwaka 1900 madola ya Ulaya yakakutana London yakaandikiana mkataba wa kuhifadhi wanyama wa Afrika, pasina Mwafrika hata mmoja kuulizwa. Kwa sheria ya mwaka 1909 mgeni aliyetaka kuwinda katika nchi hii alilipa paundi 50, yaani rupia 750, na mlowezi alilipa paundi 10. Mwenye kulipa aliruhusiwa kuua wanyama kwa idadi iliyoandikwa. Mwaka huo huo wa 1909 alikuja Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka katika urais wa Marekani. Yeye na mwanawe Kermit, katika safari yao iliyopita Kenya na Uganda hadi Sudani, waliua kwa mikono yao wanyama 512, kwa hesabu aliyoiandika mwenyewe. Walikuwa wakikusanya ngozi na mifupa kwa ajili ya nyumba ya makumbusho ya kwao, na safari ile ilisifiwa ulimwengu mzima.

Na yule aliyezaliwa nyikani, ambaye baba yake na babu yake walikula kwa uta, yeye rupia 750 hakuziona maisha yake yote. Kuwinda kwake kukawa jinai. Baadaye nchi ya uwindaji ikagawanywa vitalu, na mwenye leseni akakodi kitalu kwa siku zake maalumu. Msimu wa bunduki ukifunguliwa, mwenye uta aliyekuwa akikaa ndani ya kitalu kile hakuwa na msimu wowote. Mmoja aliitwa mwindaji, na mwenziwe akaitwa jangili, na mnyama ni yule yule, na pori ni lile lile.

Mwaka 1948 ikafanywa hifadhi ya Tsavo katika nchi ambayo Wawata walikuwa wakiizunguka. Mwaka 1956 na 1957 serikali ikapeleka askari kuwasaka watu wa uta, na wengi wakatiwa jela. Hatukatai kwamba ndovu walikuwa wakiuawa kwa wingi kwa ajili ya pembe. Lakini hata baadhi ya wale waliowasaka waliona kwamba limetendeka jambo lisilokamilika, na mwaka 1960 ukaanzishwa mpango wa Galana, baina ya Tsavo na pwani, ili Wawata wapate njia ya halali ya kuishi kwa wanyama wa nchi yao. Mpango ule haukudumu, wala haukuwarejeshea hali yao.

Ikaja serikali huru. Mwaka 1973 ikakataza kuwinda ndovu, na mwaka 1977 ikakataza uwindaji wote wa wanyama, na mwaka wa pili yake biashara ya ngozi na pembe. Hata hivyo, kwa miaka mingi baada ya hapo, ndege wa porini kama kanga na kwale waliendelea kupigwa kwa bunduki, kwa leseni na kwa majira yake. Mwenye uta hakuwekewa majira.

Je, sharia yetu ina mfano wa kufunga mawindo? Naam, tena ni mfano ulio wazi. Mwenye ihramu haruhusiwi kuwinda mnyama wa barani, awe ni nani. Na eneo la Haram ya Makka mawindo yake hayafukuzwi, na Mtume akaifanya Madina nayo kuwa hivyo. Hii ndiyo hifadhi, na ile ihramu ndiyo majira ya kufungwa. Mwenyezi Mungu ametueleza katika Sura ya Al-Maida kwamba aliwajaribu waumini kwa mawindo yaliyowakaribia hata mikono yao na mikuki yao ikaweza kuyafikia, ili ajulikane amchaye kwa ghaibu. Angalieni kwamba mkono umetajwa pamoja na mkuki. Katazo lilikuwa moja kwa kila silaha, na moja kwa kila mtu. Hakukuwa na kafiri wala muumini, tajiri wala masikini, aliyeuziwa ruhusa ya kuwinda ndani ya Haram kwa dinari.

Na mwenye kuvunja, Mungu amemwekea malipo gani? Aya inayofuata yaeleza: alete mnyama wa kufugwa aliye mfano wa yule aliyemwua, kwa hukumu ya watu wawili waadilifu; au alishe masikini; au afunge saumu kwa kiasi hicho. Tajiri analo la kutoa, na masikini asiye na kitu analo tumbo lake la kulifungisha. Hakuna aliyeonewa. Linganisheni na sheria za watu. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 ilipotungwa katika nchi yetu, iliweka kwa mtu anayewinda kwa ajili ya chakula faini isiyopungua shilingi 30,000 au kifungo kisichopungua miezi sita. Mwenye shilingi elfu thelathini atarudi nyumbani kwake jioni ile, na asiyekuwa nazo atawaacha watoto wake miezi sita. Sheria yasema maneno yale yale kwa wawili hao, lakini uzito wake haulingani juu ya mabega yao.

Uko na mfano mwingine, nao kwetu sisi ndio mzani wa mas-ala haya yote. Sayidna Umar, Mungu amwie radhi, aliifunga ardhi ya malisho ya Rabadha kwa ajili ya ngamia wa sadaka na wa jihadi. Akamweka mtumishi wake, jina lake Hunayy, kuwa mlinzi. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba alimwusia awe mpole kwa watu, aogope dua ya aliyedhulumiwa, na amruhusu kuingia mwenye ngamia wachache na mwenye kondoo wachache. Lakini mifugo ya Abdurrahman bin Auf na Uthman bin Affan asiiruhusu. Nani asiyewajua mabwana wawili hawa? Ni katika wale kumi waliobashiriwa Pepo. Wala Umar hakuwa na chuki nao. Hoja yake ilikuwa kwamba wao mifugo yao ikifa wana mitende na mashamba ya kurejelea. Ama masikini, mifugo yake ikifa, atamjia Khalifa pamoja na watoto wake wakilia, na Khalifa hawezi kuwaacha. Basi majani na maji ni mepesi kwake kuliko dhahabu na fedha.

Hapa ndipo ilipo tofauti. Umar alipofunga ardhi, alianza na wenye nguvu, na mlango mdogo alioubakisha aliwaachia wanyonge. Sheria ya leseni ilianza na wanyonge, na mlango iliouacha wazi iliwaachia wenye paundi 50. Basi tukiulizwa kama ile ilikuwa haki, twasema: haikuwa haki. Kuhifadhi wanyama si dhulma. Dhulma ilikuwa katika kumfungia mwenye kuwinda ili ale, na kumfungulia mwenye kuwinda ili acheze.

Na kucheza na roho ya mnyama katika dini yetu ni jambo baya. Mtume amekataza kukifanya chenye roho kuwa shabaha. Na imepokewa kutoka kwake kwamba mwenye kumwua shomoro kwa upuuzi, shomoro huyo atamshitaki mbele ya Mungu siku ya Kiyama. Ikiwa hayo ni ya shomoro, itakuwaje kwa aliyemwangusha kuro akachukua kichwa chake kukipamba ukutani, na mzoga akawaachia fisi?

Wala mtu asidhani kwamba twawasema Wazungu peke yao. Mwaka 2007, katika bonde la Yaeda huko Tanzania, ambako Wahadzabe huishi kwa uta na asali na mizizi, kampuni ya uwindaji yenye uhusiano na Falme za Kiarabu ilitaka ardhi ile iwe uwanja wa mawindo wa wageni wakubwa. Watu wakapiga kelele, na kampuni ikajitoa. Dhulma haibadiliki jina lake kwa kuwa mwenye kuitenda anaelekea kibla. Bali kwake ni mbaya zaidi, kwa sababu yeye Umar anamjua.

Twaja sasa kwenye suala la tatu, la yule kijana aliyesema kwamba hana haja ya kuitii sheria ya leo kwa kuwa ya jana ilikuwa dhulma. Kijana huyu tunamwelewa, lakini hatukubaliani naye, na hoja zetu ni tatu.

Ya kwanza, dhulma aliyoieleza ilikuwa katika kumfungulia mmoja na kumfungia mwingine. Leo sheria ya nchi imemkataza mwenye bunduki kama ilivyomkataza mwenye uta. Uwindaji wa anasa ni kosa, na uwindaji wa chakula ni kosa. Ilipokuwa si sawa alikuwa na hoja. Palipofungwa pote, hoja ile imepungua nguvu, na inayobaki ni ya uzito wa adhabu na ya haki za watu wa nyika, nayo hudaiwa kwa ulimi na kwa kalamu, mbele ya wawakilishi na mahakama, si kwa mshale usiku.

Ya pili, wanyama wenyewe. Hesabu inayotajwa sana ni kwamba nchi yetu ilikuwa na ndovu kiasi cha 167,000 mwaka 1973, na ilipofika mwaka 1989 hawakufika hata 20,000. Waliowamaliza hawakuwa watu wa uta. Zilikuwa bunduki za rasharasha, na fedha za wakubwa nyuma yake. Lakini aliyebaki amebaki mchache, awe amemalizwa na nani. Mwaka 1976 sehemu ya msitu wa kando ya Tana ilifanywa hifadhi kwa ajili ya kima wa aina mbili ambao Mungu hakuwaweka pengine popote duniani ila ukingoni mwa mto huu. Na hirola, ambaye asli ya nchi yake ni baina ya Tana na Juba, wamebaki wachache mno. Mwenyezi Mungu ametuambia katika Sura ya Al-An'am kwamba wanyama na ndege ni umati kama sisi. Mtu akila wa mwisho katika umati mzima, hatakuwa na la kumwambia aliyewaumba. Wanavyuoni wetu wamesema kwamba mtawala akikataza jambo la mubaha kwa maslaha ya watu wote yaliyo dhahiri, kumtii ni wajibu. Na maslaha gani yaliyo dhahiri kuliko haya?

Ya tatu, nafsi yake na watoto wake. Kujitia jela kwa paja la swala, na kuwaacha wanaomtegemea bila mlezi, ni kuvunja wajibu kwa ajili ya kitu ambacho hata kwa asli yake kilikuwa mubaha tu.

Tunatoa mlango mmoja, kwa sababu Mungu ameutoa. Mwenye kufikwa na njaa ya kufisha, asiye na cha kula wala wa kumpa, huyo ameruhusiwa hata mzoga, kwa kadiri ya kuokoa roho yake. Katika ukame wa mwaka 2020 hata 2023, misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo, na watu wa Tana River wanajua walivyopatikana. Mtu aliyechukua uta wake siku zile kwa ajili ya mtoto anayekata roho, hatuwezi kumwita mkosa mbele ya Mungu. Lakini swali lake linatugeukia sisi. Zaka ya wenye maduka na wenye mifugo ilikuwa wapi mpaka akaufikia uta? Muislamu hawi muumini aliyekamilika na huku ameshiba na jirani yake ana njaa. Mwenye kutaka wanyama wasiuawe na aanze kwa kumlisha jirani yake.

Na hapa twawaelekea ndugu zetu wa mijini: Lamu, Malindi, Mombasa, Kipini, na Garsen yenyewe. Wawata hawakuwa wakila pembe za ndovu. Walikuwa wakiziuza, na katika wanunuzi walikuwamo wafanyi biashara wa miji hii yetu ya pwani, watu wa safu ya mbele msikitini, nazo zikasafirishwa India na Ulaya na Marekani kutengenezwa bangili na vinanda. Mwindaji alikwenda jela, na mnunuzi akajenga ghorofa. Na vitabu vilivyokuwa katika rafu za ghorofa hizo vilisema kwamba ndovu haliwi katika madhehebu yetu, na kwa hiyo pembe yake ni najisi, na kilicho najisi uuzaji wake hausihi. Wako maimamu wengine waliolegeza katika usafi wa pembe, nasi hatuwavunjii heshima. Lakini mfanyi biashara yule hakuwa akifuata Imam mwingine ila siku ya pembe tu.

Leo pembe ni jinai kubwa, na wengi wameiacha kwa khofu. Imebaki nyama. Bado nyama ya porini huletwa usiku katika mifuko, ikauzwa kwa siri. Twamwambia mwenye kuinunua: hujui aliyeiwinda alitaja jina la Mungu, hujui kama ni mshale wa sumu au ni waya uliomnyonga, hujui kama mnyama alidirikwa akachinjwa. Katika nyama, asli ni uharamu mpaka uthibitike uhalali. Tena wewe huna njaa. Bucha la mbuzi liko wazi mlangoni pako. Wewe ndiye mgeni mwenye leseni wa zama hizi: mnyonge anaingia hatarini, na wewe unapata starehe. Usipomnunulia, uta wake utabaki ukutani.

Jambo la mwisho ni la heshima. Iko tabia katika baadhi ya watu wetu ya kuwadharau Wawata na Waboni na kila aliyeishi kwa mawindo, wakawaona kuwa ni watu duni, wasioozwa wala wasiokaribishwa, hali ya kuwa wengi wao leo wanasali kama tunavyosali. Hii ni jahilia. Nabii Ismail, amani imshukie, alikuwa mpiga mishale, na Mtume alipowapita watu wakishindana kulenga aliwahimiza, akawakumbusha kwamba baba yao huyo alikuwa hodari wa mishale. Kazi ambayo baba wa Mitume aliizaa mwanawe akawa bingwa wake, haiwezi kuwa aibu kwa Mwata wa Tana.

Basi muhtasari wa jawabu letu ni huu. Windo ni la aliyelidhibiti, awe na uta au bunduki. Sheria iliyomfungulia tajiri na kumfungia masikini ilikuwa dhulma, na mzani wa kuipimia ni mzani wa Umar. Sheria inayowafungia wote kwa maslaha ya kweli, itiiwe. Na wenye amri, kila wanapofunga pori, wawaangalie kwanza waliokuwa wakiishi humo: wawape kazi ya kulilinda, maana hakuna aijuaye nyayo kuliko wao, na wawape fungu katika faida yake, na adhabu zao ziwe zenye kuchukulika na mnyonge. Wakifanya hivyo, vijana wa Garsen hawatakuwa na la kubishania barazani.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie uadilifu tunapokuwa na nguvu, na subira tunapokuwa wanyonge, na huruma kwa kila chenye roho. Wabillahi taufiki.